Mkono Mmoja Uko Likizo: Mwongozo wa Kuendesha Nyumba kwa Mkono Uliobaki

Umeteleza kibarazani mvua ikinyesha, ukajikinga kwa kiganja, na sasa mkono wa kulia umefungwa hogo kutoka vidoleni hadi chini ya kiwiko. Daktari amesema wiki 6. Ujue kwamba hukuvunjika kwa namna ya ajabu. Mfupa kukatika karibu na kifundo cha mkono kwa kuangukia kiganja ni jambo ambalo madaktari wa mifupa hulipokea kila mara, na Abraham Colles, daktari wa Dublin, alilieleza mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa. Hogo nalo lina ukoo wake. Bendeji ya jasi ilibuniwa na Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1850, na jasi ni madini yaleyale yanayochimbwa Makanya wilayani Same na kutiwa kwenye saruji. Umevaa kazi ya ujenzi. Iheshimu, maana ikilowa hulainika, na ikilainika haishiki tena mfupa.

Watu watakaokuja kukupa pole watakuja na methali. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkono mmoja haulei mwana. Waitikie kwa adabu, kisha waonyeshe ndoo ilipo, kwa sababu kila mwenye methali hiyo ana mikono miwili mizima. Jirani akisema, "Mama Asha, pole jamani, nikusaidie nini?" usimjibu "Hakuna, nashukuru." Mjibu: "Nazi mbili." Atacheka, na atazikuna.

Kabla ya sufuria na beseni, tuuweke mkono wenyewe mahali pake. Vua pete mapema, kabla kidole hakijavimba. Siku 2 au 3 za mwanzo ulale na mkono juu ya mito, uwe juu kuliko moyo, maana uvimbe huongezeka siku hizo na hogo halitanuki. Ukitembea, khanga iliyokunjwa pembetatu na kufungwa shingoni inatosha kuubeba, mradi vidole viwe juu kidogo kuliko kiwiko. Vidole vilivyochomoza uvikunje na kuvikunjua kila saa ukiwa macho; kiwiko na bega navyo uvichezeshe, visije vikaganda kwa kumwonea mwenzao huruma. Kisha zoea kutazama kucha. Ibonyeze moja mpaka ipauke, iachie: rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi, vikibadilika rangi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, usingoje siku ya kliniki. Rudi hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane ya usiku na mwenye bajaji ameshalala. Mwamshe.

Na yule mjomba atakayekuja na habari za fundi wa kuunga mifupa anayefunga kwa vijiti na kamba, mpe chai, mshukuru, ila usimpe mkono. Kamba ikikazwa juu ya kiungo kilichovimba hukata damu, na wapo watu waliopoteza mkono mzima kwa mfupa ambao ungeunga wenyewe.

Baadaye utakuja muwasho, na huo ndio mtihani wa tabia. Utawasha ndani kabisa, pasipofikika, na ufagio wa chelewa ulio nyuma ya mlango utaanza kukuita kwa jina lako. Usiitike. Njiti moja ya chelewa ikichubua ngozi ndani ya hogo, kidonda hakionekani wala hakisafishwi, kinaota usaha gizani. Poda ya watoto nayo usimwage humo, hugeuka madonge. Gonga hogo kwa nje kwa vidole, kaa mbele ya feni, omba hadithi ndefu. Muwasho hupita.

Sasa tangaza ajira. Mwilini mna wafanyakazi wengi waliokaa miaka yote bila kazi kwa sababu mikono ilishika kila kitu. Magoti yapewe idara ya kubana: chupa ya mafuta, kopo la maziwa ya unga, dumu dogo, vyote vikae katikati ya mapaja ukiwa umeketi, mkono mzima ufungue mfuniko. Kwapa la upande wa hogo libebe mkate, mwavuli na bahasha ya kliniki. Kidevu kishike ncha ya shuka unapokunja. Nyonga ifunge droo na mlango wa friji. Nyayo zina kazi kubwa zaidi, tutazifikia kwenye nguo. Meno yapewe kazi za kitambaa tu, kushika ncha ya khanga au kuvuta mkono wa shati. Meno hayafungui soda. Najua yamefungua soda tangu shule ya msingi, lakini nyumba yenye mkono pungufu isiongezewe jino pungufu.

Vifaa viwili navyo viajiriwe. Cha kwanza ni kitambaa kilicholoweshwa, kikakamuliwa, kikakunjwa mara mbili. Bakuli, kibao, kinu kidogo, sahani, chochote ukikiweka juu yake hakitelezi, na kutoteleza ndiyo kazi hasa uliyokuwa unaupa mkono wa pili bila kufikiri. Cha pili ni kipande cha mpira wa ndani wa tairi, ambacho fundi baiskeli atakupa bure au kwa bei ya pipi. Kishikie mfuniko uliogoma, utalegea.

Jikoni tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu huumia mara ya pili.

Wapishi wa kwetu wengi hatukuzoea kibao. Kitunguu hukaa kiganjani, kisu huja, dole gumba hupokea. Utaratibu huo umekwisha kwa wiki 6. Nenda kwa seremala akutengenezee kibao kizito chenye misumari miwili isiyoshika kutu, iliyopigiliwa kutokea chini ili ncha zichomoze juu kama sentimita 3. Chomeka kitunguu, kiazi au karoti, na mkono mmoja ukate bila kufukuzana nacho. Kwenye kona moja mwambie apigilie vijiti viwili vilivyokutana. Kipande cha mkate ukikisukumia kwenye kona hiyo, unakipaka siagi bila kukimbia nacho meza nzima. Ukimaliza, chomeka kiazi juu ya misumari ili mtoto asije akaweka kiganja. Ganda la kitunguu saumu huachia lenyewe ukigonga kwa kitako cha kikombe kizito. Viazi vichemshe na maganda yake, vimenywe vikishaiva. Mchicha ununue uliokwisha kuchambuliwa na kukatwa, kama sokoni kwenu wapo wanaouza hivyo. Shilingi utakazoongeza ni ndogo kuliko hasira utakayookoa.

Nazi ina matatizo yake. Mbuzi anataka kifuu kishikwe kwa mikono yote miwili, kizungushwe, kisukumwe, na kwa mkono mmoja kifuu huteleza na meno ya mbuzi hupata kiganja. Kwa hiyo nazi ikunwe sokoni kwa mashine, au na yule jirani wa nazi mbili. Kifumbu nacho hukamuliwa kwa mikono miwili, basi kiwekwe kando: tia nazi iliyokunwa kwenye chujio juu ya bakuli, bakuli juu ya kitambaa kibichi, kandamiza kwa mgongo wa upawa. Tui la kwanza halitakuwa zito kama la kifumbu, lakini ni tui.

Ugali ni habari nyingine. Sufuria zetu hazina mikono. Mkono mmoja husonga, mwingine huzuia, na ukiondoa wa kuzuia sufuria huanza kuzunguka na mwiko, ikaenda nao duara baada ya duara huku ndani ikitokota. Utaambiwa uzuie kwa mguu. Mguu unaweza kuzuia, ila ukiteleza hakuna mkono wa kukudaka, na jiko lina moto. Nimelipima jambo hili kwa kila upande, na uamuzi wangu ni mmoja: mwenye hogo hasongi ugali. Anayeutaka ugali ausonge. Wewe pika vyakula vinavyojipika. Makande huhitaji moto na subira tu. Wali ukipimiwa maji sawasawa hukauka wenyewe bila kumwaga. Mihogo, viazi vitamu, ndizi, uji wa asubuhi, vyote havina ugomvi. Na dagaa wawe karibu, maana huliwa na mifupa yao, na mfupa unaounga unataka kalsiamu na protini. Supu ya makongoro itakuja pia, utake usitake, italetwa na kila shangazi. Kunywa kwa shukrani.

Kuepua ndiko kunakochoma. Sufuria ya moto isiyo na mikono haiinuliwi kwa mkono mmoja, hata ikiwa ndogo, hata ukiwa na kitambaa. Zima moto, acha chakula palepale kilipo, pakua kwa upawa ukipeleka sahani karibu. Viazi visimwagwe maji. Viopoe kwa kijiko chenye matundu. Birika lijazwe nusu. Chai ya wageni watano ichemshwe mara mbili, wageni wana muda. Jiko la gesi lisilo na kiwashio chake mwite mtu aliwashe, kwa sababu lazima njiti iwe imeshawaka wakati gesi inafunguliwa, na hiyo ni mikono miwili. Gesi isitangulie kufunguliwa wewe ukiwa bado unahangaika na kiberiti.

Tukitoka jikoni, kuna furaha. Ufagio wa chelewa umetengenezwa kwa mkono mmoja tangu hapo. Huna la kujifunza, fagia. Deki ipigwe kwa mguu: tambara lililokamuliwa sakafuni, unyayo juu yake, nenda mbele, rudi nyuma, polepole, ukishika ukuta. Ukipata lenye mpini mrefu ni vizuri zaidi. Maji sasa. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni kilo 20 zinazoning'inia upande mmoja wa mgongo. Tumia dumu la lita 5. Mara nne utafika kulekule, na mgongo wako utafika nao. Ndoo kichwani pia hapana, kwani kichwa kinaweza kubeba, lakini nani atakutwisha na nani atakutua?

Nguo hulowekwa usiku kwa sabuni. Asubuhi weka beseni sakafuni karibu na ukuta, osha miguu, panda, kanyaga. Miguu ina nguvu kuliko mikono na haichoki upesi, na shuka la kitanda lililokuwa linakutoa jasho litasalimu amri ndani ya muda mfupi. Shikilia ukuta au mlango, sakafu yenye utelezi ndiyo iliyokufikisha hapa. Nguo ndogondogo zisuguliwe kwa kuzikandamiza kwenye mbavu za beseni. Kukamua kuna njia mbili: ipitishe khanga nyuma ya bomba la maji, kusanya ncha mbili pamoja, zungusha mpaka maji yaishe, au ikunje nguo ndani ya taulo kavu, kanyaga juu yake. Shuka zito lianikwe likichuruzika, jua la kwetu litamalizia. Jinzi zisubiri. Hakuna aliyewahi kudhurika kwa jinzi kusubiri.

Kuoga kwa ndoo na kopo ni raha ya mkono mmoja, shida ni hogo lisilotaka maji. Dawa yake ni mfuko wa plastiki, na hapo Mtanzania anakumbuka kwamba mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku kuanzia 1 Juni 2019. Mfuko wa mkate upo. Utunze mifuko ya mkate mizima isiyotoboka, vaa miwili, ziba juu kwa utepe ule wa mpira wa tairi, usikaze. Hata hivyo mkono ukae nje ya maji, juu, huku unaoga. Mfuko ni ulinzi wa matone, si wa mafuriko. Sasa kuna jambo ambalo watu hawalifikirii mpaka wafike bafuni: mkono mzima unaweza kuosha mwili wote isipokuwa wenyewe. Lipake sabuni dodoki, libane kati ya magoti au lining'inize kwenye msumari ukutani, kisha usugue mkono juu yake. Utafika mpaka kwenye kiwiko.

Dawa ya meno iminywe mswaki ukiwa umelala kwenye ukingo wa sinki, au uminye moja kwa moja mdomoni kama tyubu ni yako peke yako. Nywele, nenda kwa msusi akusuke mistari itakayodumu.

Kuvaa kuna kanuni moja ambayo wauguzi huifundisha, nayo haijawahi kushindwa: mkono mgonjwa hutangulia kuvaa, na huwa wa mwisho kuvua. Shati pana, dera, kanzu, kaftani, hizi ni nguo za msimu. Khanga haifungwi, inachomekwa: ncha moja kwenye meno, zungusha, vuta, chomeka ndani ya ukingo. Kikoi kikunjwe kiunoni mara tatu, kitashika. Sidiria ifungwe kwa mbele kisha izungushwe, au ipumzike nayo. Viatu vya kamba vimeonana nawe mara ya mwisho; makobazi yatakupeleka kila mahali, hata msibani.

Limebaki jambo la mkono wa kushoto, ambalo kwa watu wetu ni zito kuliko hogo lenyewe. Umelelewa ukijua wa kulia hula, husalimia na hupokea, wa kushoto hufanya kazi za msalani. Sasa mmoja anafanya zote. Weka sabuni ya msalani mbali na ya jikoni, osha mara mbili, mpaka kwenye kucha, na ule kwa kijiko bila kuona haya. Ukimpa mtu kitu, sema "Samahani kwa mkono wa kushoto," mwonyeshe hogo, yatakwisha. Sijaona mzee aliyemkasirikia mwenye hogo. Shikamoo haihitaji mkono, hutolewa kwa mdomo na kichwa kilichoinama. Mwenye kuswali asihangaike kulilowesha hogo kwa maji: wanazuoni wameruhusu kupangusa juu ya bendeji kwa mkono uliolowa, na sheikh wa msikiti wako atakueleza namna na masharti kwa madhehebu yako.

Haya yote mtu mmoja anaweza kuyafanya, lakini sipendi ayafanye peke yake. Nyumba nyingi za kwetu zimejengwa juu ya mikono miwili ya mtu mmoja, na siku mmoja ukifungwa ndipo wote wanagundua kwamba sukari haikuwa inatembea yenyewe kutoka dukani. Usiwafiche ugunduzi huo. Usiamke alfajiri kufua kwa miguu ili wakute nguo zimeanikwa wadhani mambo yako sawa. Waite wote jioni, taja kazi moja moja kwa sauti, kila moja ipate mwenyewe. Mtoto wa miaka 8 anaosha vikombe. Wa miaka 12 anachota maji kwa dumu na kukuna nazi, ukiwa umekaa pembeni unamfundisha. Baba watoto anasonga ugali. Wa kwanza utakuwa na madonge, na mtaula. Wa tatu utashikika. Mtoto mchanga asibebwe kwa mkono mmoja ukiwa umesimama: mlishe na kumbadilisha nguo mkiwa mkekani, na kumbeba mgongoni kufanywe na mwenye mikono miwili ya kufunga mbeleko. Na ukikuta sahani zimeoshwa vibaya, zipokee. Ukizirudia kwa mkono wako mmoja mbele ya aliyeziosha, hataosha tena.

Wiki 6 zitapita, hogo litakatwa, na utaonyeshwa mkono usioufahamu: mwembamba, ngozi inabanduka, kifundo kigumu. Usiogope, na usiusugue kwa dodoki. Maji ya vuguvugu, mafuta ya nazi, na mazoezi utakayopewa na mtaalamu wa viungo: kunja kiganja, kunjua, zungusha, kamua kitambaa laini, kila siku, hata siku usizojisikia. Mazoezi hayo ndiyo yanayorudisha mkono, na watu wengi huyaacha pindi maumivu yanapopungua.

Ninyi mnaoishi naye, neno langu la mwisho ni lenu. Hogo likitolewa Jumatatu, ndoo ya lita 20 haiinuliwi Jumanne. Mfupa huendelea kukaza kwa wiki kadhaa baada ya hogo kutoka, na misuli iliyolala haiamki kwa siku moja. Msimrudishie ndoo, mbuzi, sufuria na beseni kwa pamoja kwa sababu tu mkono unaonekana. Endeleeni na zamu zenu mpaka daktari aseme, na ya ugali msiiache hata baada ya daktari kusema.